Nilikomea Herufi ya N

Kuna aibu mtu anaweza kusingizia pombe, lakini mimi siku hiyo nilikuwa nimekunywa chai tu, tena chai ya maziwa mengi, kwa hivyo hii yangu nitaibeba nikiwa na akili timamu, na nawaambia nyinyi kwa sababu najua ya sokoni mshayasikia (ile ya kwamba mtu alinituma nivunje boma la wenyewe ni uongo, mimi sijawahi kutumwa kitu nikakifanya sawasawa, hata mama yangu alichoka kunituma chumvi).

Hapa Uriri nilikuwa na jirani mzee, anaitwa Mzee Ogola, mtu mpole, wa kofia na fimbo, na zamani, kabla mtu yeyote hajaota simu ya mkononi, alikuwa anafanya kazi posta kule Homa Bay, kazi ya kupeleka telegramu, kile kidude cha chuma unabonyeza ti-taa-ti na mtu wa mbali anasikia anaandika, fulani amefariki njooni haraka. Sasa mzee akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, mdomo ukaenda kando, sauti ikapotea kabisa, hata ile ya kukohoa ikawa ndogo kama ya paka. Wakakaa naye hospitali, halafu wakaambiwa waende naye nyumbani, na nesi akawaonya, maji msimpe kwa kikombe, koo imelegea, atapaliwa afe, mpeni kwa kijiko, pole pole, akiwa amekaa wima. Hiyo kazi ya kijiko ikawa ya mkewe, Mama Otieno. Hakuna mwingine alikuwa anaithubutu. Mabinti wakwe walikuwa wanaogopa, na nani awalaumu, hakuna mtu anataka kuitwa yule aliua baba mkwe na kijiko.

Kitu kimoja tu kwa mzee kilikuwa hakijalala, mkono wa kushoto. Na huo mkono ulikuwa unaongea. Kwenye kile kiti chake cha mbao kidole kinagonga, kinakwaruza, kinagonga, kinapumzika, kinaanza tena. Hospitali waliambiwa ni mishipa tu inacheza.

Basi ikafika Jumapili moja watu wa kanisa wakaja kumwombea, kwaya nzima, na jamaa zake wakatoka mpaka Kisegi na Muhuru Bay, sebule ikajaa, nje kukajaa, viti vikaombwa kwa majirani (vyangu viwili vilienda, kimoja kilirudi). Mama Otieno tangu asubuhi yuko jikoni na masufuria, kuku wanalia, ugali unapigwa, wageni hawawezi kuombea mtu na njaa. Mimi nimejipanga karibu na mgonjwa, na sitawadanganya ni kwa sababu ya upendo, nilikuwa nimeona chai inaanzia upande wa mgonjwa ikielekea mlangoni, na mkate hauwezi kufika mlangoni.

Maombi yakaisha, watu wakanyamaza, na kile kidole kikaanza. Gonga, kwaruza, kwaruza, gonga. Gonga gonga. Tena. Gonga, kwaruza, kwaruza, gonga. Gonga gonga. Otieno, kijana wake wa kwanza (namwita kijana lakini ana kipara), akainua kichwa, akasema, "Jamani, hii si mishipa. Baba alikuwa anapiga simu ya posta. Hii ni ile lugha ya nukta na mstari. Kuna mtu hapa anaijua?"

Hapo ndipo ningenyamaza na mkate wangu, na leo mngekuwa mnanisalimia vizuri. Lakini mkono ukapanda wenyewe.

"Mimi naijua," nikasema. "Nilikuwa skauti."

Sasa niwaeleze vile naijua. Shule ya msingi tulikuwa na mwalimu wa skauti alikuwa anatufundisha hiyo kitu na filimbi, pii fupi ni nukta, piiii ndefu ni mstari, na kila herufi ina zake. A ni fupi ndefu. B ni ndefu halafu fupi tatu. E ndiyo maskini wao wote, nukta moja tu, hata ukipiga chafya umeiandika. Kila wiki tunaongeza herufi. Tukaenda tukaenda tukafika N, ndefu fupi, halafu mwalimu akahamishwa. Akaenda na filimbi yake. Mimi mwenyewe baadaye nikatoka shule kidato cha pili, lakini alfabeti nilikuwa nimeachana nayo kitambo, kwa hivyo mimi najua kuanzia A mpaka N, basi, ukiongeza S na O kwa sababu ya ile SOS ya kuomba msaada, ambayo kila mtu anajua. Nusu shule, nusu alfabeti. Nilidhani nusu inatosha, si Wajaluo wengi majina yao yanaanza na O, nayo O ninayo?

Nikasogezwa mbele. Nikaletewa chai ya pili. Wazee wakanipisha, mimi Ouma muuza omena, vile visamaki vya ziwa, nikainama sikio karibu na kiti kama daktari. Gonga, kwaruza. "Hiyo ni A," nikasema kwa sauti. Kwaruza, gonga. "Hiyo ni N." Gonga gonga. "I."

"A-N-I," Otieno akaunganisha. "Ani?"

"Ani," nikasema, na nikanywa chai.

Mzee akanitazama, akagonga tena kwa nguvu zaidi, na mimi, Mungu anisamehe, nikatangaza kama mtu wa redio, "Anarudia! Ani! Anasema Ani!"

Mtaniuliza, Ani ni nini? Hicho si kitu mtu angeuliza pale, kwa sababu Ani alikuwa amesimama kwa mlango na kitabu cha nyimbo. Anna, mama muuza nyanya pale sokoni, mjane, sauti ya kwanza ya kwaya, dunia yote inamwita Ani. Vichwa vikageuka pamoja, kama ng'ombe wakisikia gari.

"Mimi?" Ani akasema. "Mimi nilimletea tu ndizi akiwa hospitali!"

"Ndizi gani?" Hiyo sauti ilitoka nyuma. Mama Otieno alikuwa ametoka jikoni na sinia ya kuku, mvuke unapanda usoni, na hakukuwa na mtu wa kumpokea sinia.

"Ndizi za kawaida, dada yangu, zile za kuiva."

"Mimi nililala hapo hospitali. Sikuona ndizi."

"Ulikuwa umeenda kuoga."

Mwaona hiyo? Kila kitu ni ukweli na kila kitu kinasikika vibaya. Na mzee huku kidole kinaenda tu, gonga, kwaruza, kwaruza, gonga, na jicho lake zima likaanza kutoa machozi, na mama mmoja wa kwaya akasema maskini, moyo wa mtu, na shangazi wa Kisegi akasema mleteni huyo Ani karibu, mgonjwa hanyimwi kitu roho yake inataka, na kabla mtu hajafikiria, Ani wa watu akasukumwa mpaka kwa kiti, mkono wake ukawekwa juu ya mkono wa mzee. Juu ya ule mkono mmoja ulikuwa bado unaongea. Ukabanwa, ukanyamaza.

"Ametulia," shangazi akasema. "Si mnaona?"

Watu wakasema haleluya, na mimi nikasema pia.

Mama Otieno akaweka sinia chini, kwa sakafu, pole pole. Akafungua kitambaa cha jikoni kiunoni akakikunja vizuri, mara mbili, akakiweka juu ya kiti changu. Akaniambia mimi, si mzee, si Ani, mimi, "Asante kwa kunisomea." Akaingia chumbani akatoka na leso na begi ndogo, na jioni hiyo alikuwa Muhuru Bay kwa kaka yake. Kuku tulikula. Nitawaficha nini? Tulikula, lakini hakuna mtu alilamba kidole.

Mngedhani inaishia hapo. Sasa ndiyo vijana wa mzee walianza kuchanganyikiwa, kwa sababu nyinyi mnajua mazishi ya siku hizi, mtu anakufa na mke mmoja, jeneza likifika nyumbani anatokea mwingine amevaa nyeusi na watoto wamefanana na marehemu mpaka masikio, na wote wanataka kusimama kwa kaburi, na wote wanataka kipande cha shamba. Otieno akanijia kwa kibanda changu cha omena akasimama akachezea omena na kidole, akauliza, "Ouma, omera, ndugu yangu, hakusema lingine? Hakutaja watoto?"

"Alisema Ani tu."

"Una uhakika?"

"Otieno, mimi nilikuwa skauti."

Basi wakaitisha kikao cha ukoo, na mimi nikaitwa rasmi niende nimsikize mzee mbele ya wazee wote, mambo yajulikane akiwa bado hai. Nikapiga pasi shati. Mwajua nilijiona kama nani? Tuwachane na hiyo.

Siku hiyo Mama Otieno wazee walikuwa wamemfuata Muhuru Bay wakamrudisha, akakaa kwa kigoda karibu na mlango, uso nje, kama mtu amekuja kungoja gari. Ani pia aliitwa, akakaa mbali chini ya paa la jikoni, peke yake, hakuna mtu alimpa hata kiti. Na mzee wakamtoa nje kwa kile kiti chake. Nilipomwona nilishtuka kidogo. Midomo ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Nikajiambia ni ugonjwa, ugonjwa ndiyo hivyo.

Binti yake Akinyi alikuwa amekuja kutoka Homa Bay na bwanake, huyo tunamwita Mwalimu, anafundisha hesabu shule ya upili huko, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Akinyi hakuwa kwa yale maombi ya Jumapili. Alisikiza tu mimi nikianza, "A... N... I...," akakunja uso.

"Ngoja kwanza, Ouma. Baba, gonga tena."

Mzee akagonga. Pole pole siku hiyo, kidole kilikuwa kimechoka. Gonga, kwaruza, kwaruza, gonga. Kimya. Gonga gonga. Kimya kirefu.

Akinyi akatoa simu, akatafuta ile chati ya herufi zote, akaiweka mbele yangu. "Mbona unakata hapo katikati?" akaniuliza. "Baba hajapumzika hapo. Nne zote zimetoka pamoja. Angalia, kati ya nukta na mstari ni kimya kidogo tu, kati ya herufi na herufi ndiyo kimya kinakuwa kikubwa. Hizo nne ni herufi moja."

"Hakuna herufi kama hiyo," nikasema (kwa ujasiri, mbele ya ukoo mzima).

"Iko hapa. Nukta, mstari, mstari, nukta. Ni P."

P. Mnaona sasa ilikuwa wapi hiyo P? Ilikuwa baada ya N. Ilienda na mwalimu. Kwa hivyo mimi kitu sikijui nilikikata vipande viwili vile navijua, nikampa mzee bibi.

"P, halafu nukta mbili ni I," Akinyi akasema. "P-I. Pi."

Wazee wakaangaliana. Otieno akasema hiyo labda ni kifupi cha Kiingereza, posta ilikuwa Kiingereza tupu, P na I, labda ni P kama polisi. Mzee mmoja akasema labda ni namba ya shamba. Basi Mwalimu akakohoa, akashika kalamu moja, akasema, "Pi hiyo inajulikana. Pi ni ishirini na mbili juu ya saba. Ni ya duara. Inawezekana baba anajaribu kutueleza kipimo."

"Kipimo cha nini?" Otieno akauliza.

"Kitu cha duara. Kisima, labda. Au mpaka."

"Shamba letu si duara, Mwalimu."

"Nasema labda."

Na tunabishana hivyo, watu wazima, wengine na vyeti, mimi mwenyewe nikachangia (nilisema labda ni jina la benki), mpaka tukasikia kigoda kimeanguka pale mlangoni. Mama Otieno alikuwa amesimama.

"Mmesema nini hapo? Rudieni."

"Pi, Mama," Akinyi akasema. "Amegonga pi."

"Pi," Mama Otieno akasema. "Pi ni pi! Nyinyi mmekuwa Wazungu lini? Ni maji. Mtu anaomba maji!"

Sisi wote pale ni Wajaluo, kila mmoja wetu neno la kwanza kulilia tukiwa watoto ni hilo, pi, maji, na tulikuwa tunalitafuta kwa hesabu. Kwa sababu tulisikia nukta na mstari tukajua lazima ni Kiingereza, haikutujia hata kidogo kwamba mzee alikuwa anaongea na sisi vile anaongea na sisi siku zote.

Akakimbia ndani, yule mama na miguu yake mibaya, akatoka na maji ya mtungi na kijiko, akamwinua mzee kichwa kwa kifua chake. Akawauliza mabinti wakwe, "Nani alikuwa anampa?" Mmoja akasema, "Tulikuwa tunampa uji, Mama. Mara moja alipaliwa, tukaogopa." Kijiko cha kwanza kikamwagika kidevuni. Cha pili kikaingia. Kidole kwa kile kiti kilikuwa kimeacha kugonga, kilikuwa kimefunguka tu hivi, kimelala.

Jumapili ile yote ya kuku na haleluya mzee alikuwa na kiu, mbele ya makumi ya watu wenye vikombe vya chai mkononi, akiniangalia mimi. Na nilikuwa na viwili.

Ani akaondoka bila kuaga. Nilimfuata sokoni baadaye kumwomba msamaha, nikasimama mbele ya nyanya zake na maneno nimeyapanga, akanisikiza mpaka mwisho, akapangusa nyanya moja na kanga, akasema, "Ouma, kwa kwaya sirudi. Si wamenifukuza, hapana. Nikiimba watu wanaangalia mdomo wangu." Halafu akaniuliza kama nanunua ama naziba njia. Nilinunua. Nilinunua nyanya nyingi mpaka nyumbani wakafikiri nafungua duka.

Nyinyi mnacheka, chekeni, hata mimi nikipita kwa wale vijana wa boda wanagonga tangi za pikipiki, gonga kwaruza kwaruza gonga, wananiita Skauti N. Hiyo naimeza. Kuna ingine ndiyo haimezeki.

Mzee hakukaa sana baada ya hapo. Daktari wa Migori alisema figo, na sikuuliza figo zilianza kuharibika siku gani. Lakini kabla hajaenda nilikuwa napita kwao kila jioni na omena kidogo, nakaa, na jioni moja Mama Otieno alikuwa anamlisha maji na kile kijiko, jua linaingia mlangoni, Akinyi ameshasafiri Homa Bay, simu yangu imezimika, tuko sisi watatu tu. Mzee akamaliza maji. Akamwangalia mkewe. Akaanza kugonga.

Haikuwa pi. Ilikuwa ndefu, na hakuwa na haraka, alikuwa anapumzika vizuri katikati kama mtu anaandika barua. Mama Otieno akaweka kijiko chini, akangoja mpaka kidole kikanyamaza, akanigeukia.

"Amesema nini?"

Nilikuwa nimeshika E moja. Nilikuwa nimeshika kitu ingine kama A lakini kina mkia. Zingine zilinipita kama gari za wakubwa. Na nilikuwa naona vile uso wake unangoja, na neno tamu lilikuwa hapa kwa ulimi, amesema asante Mama, amesema ni wewe tu, ningesema hivyo angelala vizuri mpaka leo na hakuna chati ya dunia ingekuja kunishtaki.

"Mama," nikasema, "hiyo siijui."

Aliniangalia sana. "Juzi ulijua mpaka mwanamke wake," akasema, "leo hujui?"

Nikasema sijui, Mama. Akachukua kijiko, akaanza kumpangusa mzee kidevu, na hakuniangalia tena.

Tulimzika wiki iliyofuata, mke mmoja kwa kaburi, kama ilivyokuwa siku zote. Na mimi nimeapa mbele ya Mungu na mbele yenu, kitu nusu sitakisema tena kama kizima, hata mkiniuliza njia ya kwenda Uriri sokoni nitawaambia ulizeni mwingine. Zile herufi nimezimaliza sasa. Nilikopi chati nikaibandika kwa kibanda juu ya omena, O, P, Q, mpaka Z, nazijua hata nikiwa nimelala. Lakini vile kidole kiligonga jioni ile sikumbuki tena, nimejaribu, inakuja E halafu inapotea. Mama Otieno tukikutana ananisalimia vizuri, anauliza bei ya omena, anauliza watoto. Halafu haendi, na mimi najua anangoja.